Dawa za usingizi katika vipimo vya uziwi wa sikio la ndani: ipi ya kununua, ipi ya kuacha

Wimbi la tano la ABR (kipimo kinachorekodi kwa elektrodi mawimbi ya umeme ya neva ya kusikia na shina la ubongo vinapoitikia sauti), lile ambalo mtaalamu wa usikivu hulisaka ili aamue kama mtoto anasikia, mara nyingi halifiki hata maikrovolti 1. Misuli ya shingo ya mtoto anayelia hutoa makumi ya maikrovolti. Ndiyo maana dawa za usingizi zimo kwenye kazi hii tangu Jewett na Williston walipoyaeleza mawimbi hayo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lakini dawa inayotuliza misuli inaweza pia kugusa kile kile unachokipima. Kwenye uziwi wa sikio la ndani, yaani ule unaotokana na seli nywele za koklea (chombo cha kusikia chenye umbo la konokono), sinapsi zake (viungo vinavyopeleka ujumbe kwenye neva) au mshipa wa fahamu wa kusikia, tofauti ya desibeli 5 au 10 huweza kuwa ndiyo matokeo yote ya utafiti. Dawa isiyofaa inaweza kuizusha tofauti hiyo pasipo na kitu, au kuifuta ilipokuwepo.

Dawa zilizomo humu tunazipima kwa maswali manne. Inatuliza misuli kiasi gani? Inaiacha koklea ilivyo? Inakupa muda wa kutosha? Aliyelazwa anaamka salama? Bei tunaitaja pale tu inapobadilisha uamuzi. Dozi za watoto zimewekwa ili msomaji aelewe dawa inavyofanya kazi. Kumpa mtoto dawa hizi ni kazi ya hospitali, mbele ya mtu aliyefunzwa kuokoa njia ya hewa.

Ketamini na zailazini (maabara ya wanyama): 4 kati ya 5

Hii ndiyo jozi iliyozoeleka kuliko zote kwenye maabara zinazopima usikivu wa panya, na umaarufu wake ni wa haki. Ketamini ilitengenezwa 1962, ikaruhusiwa kwa binadamu Marekani 1970, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu 1985. Hospitali ya wilaya isiyo na mashine ya gesi huwa nayo. Zailazini ni dawa ya mifugo, hivyo itafute kwenye duka la dawa za mifugo. Huja kwa nguvu ya mg 20 au mg 100 kwa kila ml. Isome lebo mara mbili, maana ukichukua ya 100 ukidhani ni ya 20 utaua kundi zima kabla hujawasha mashine.

Dozi ya kawaida kwa panya mdogo wa gramu 20 hadi 30 ni ketamini mg 100 kwa kilo na zailazini mg 10 kwa kilo, kwa sindano ya uwazi wa tumbo. Mchanganyiko rahisi kutumia ni huu: ketamini ya mg 50 kwa ml, chukua ml 2, zailazini ya mg 20 kwa ml, chukua ml 0.5, maji ya chumvi ya kudungia, ml 7.5. Unapata ml 10 zenye ketamini mg 10 na zailazini mg 1 kwa kila ml, na hesabu inabaki kuwa ml 0.1 kwa kila gramu 10 za uzito. Panya wa gramu 25 anapata ml 0.25. Mpime kwenye mizani siku hiyo hiyo, usitumie uzito wa wiki iliyopita, hasa kwa panya waliotoka kupigwa kelele au kupewa dawa zinazoua seli nywele, kwa sababu hao hukonda haraka.

Sababu ya kuipenda jozi hii ni ya kibiolojia. Ketamini huziba vipokezi vya NMDA, ilhali mawasiliano kati ya seli nywele ya ndani na mshipa wa fahamu hupita zaidi kwenye vipokezi vya aina nyingine, vya AMPA. Kwa hiyo wimbi la kwanza la ABR, lile la mshipa wenyewe, haliguswi sana. Kwa anayetafiti upotevu wa sinapsi, hilo ni jambo kubwa. Kujawa na Liberman, katika kazi yao ya 2009, walionyesha kwamba panya aliyepigwa kelele ya desibeli 100 kwa saa 2 anaweza kurudisha vizingiti vyake vyote (sauti hafifu kabisa anayoweza kuisikia) huku karibu nusu ya sinapsi za eneo la sauti za juu zikiwa zimekufa. Kilichobaki kuonyesha uharibifu kwenye kipimo ni kimo cha wimbi la kwanza. Walipima kwa ketamini na zailazini. Wangetumia dawa inayofupisha wimbi hilo, ingekuwa vigumu kujua ni kipi kimelifupisha.

Kasoro ziko zaidi upande wa zailazini. Hupunguza mapigo ya moyo, huzuia insulini hivyo sukari ya damu hupanda, na mnyama hupoteza joto haraka. Joto ndilo linaloharibu data nyingi kimya kimya. Mwili ukipoa, mawimbi huchelewa. Kwa binadamu wimbi la tano huchelewa kiasi cha milisekunde 0.2 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi inayoshuka, na panya mdogo hupoa upesi zaidi kwa sababu ana mwili mdogo na ngozi nyingi kwa uzito wake. Weka kipimajoto cha njia ya haja kubwa na kitanda cha joto kinachojirekebisha, ushikilie nyuzi 37. Kitanda cha umeme wa kawaida huingiza mvumo wa 50 Hz kwenye elektrodi. Nunua kinachotumia maji ya moto yanayozunguka au umeme wa mkondo mnyoofu, au pasha kisha zima wakati wa kurekodi.

Macho hubaki wazi, kwa hiyo paka mafuta ya macho mara mnyama anapolala, la sivyo konea itakauka na siku ya kipimo cha pili utakuta panya mwenye jicho jeupe. Mnyama aliyelala hamezi mate, hivyo mrija wa Eustachi haufunguki na shinikizo la sikio la kati huanza kubadilika. Hilo huushusha mwangwi wa koklea (DPOAE, sauti hafifu ambayo sikio lenyewe huirudisha) kabla halijaonekana kwenye ABR. Anza na mwangwi, ABR ifuate.

Muda: dakika 30 hadi 45 za usingizi mzuri. Unatosha ukiupanga. Wastani wa toni fupi 512 kwa kasi ya 30 kwa sekunde huchukua sekunde 17. Ukishuka kutoka desibeli 80 hadi 25 kwa hatua za 5, una ngazi 12, yaani chini kidogo ya dakika tatu na nusu kwa kila masafa. Masafa matano, sikio moja: dakika 17. Ongeza mwangwi na kuchoma sindano za elektrodi (utosini, nyuma ya sikio, na ya ardhi mgongoni karibu na mkia) bado uko ndani ya muda. Ukitaka masikio yote mawili, jiandae kuongeza dawa. Unapoongeza, ongeza ketamini peke yake, theluthi moja ya dozi ya kwanza. Ukirudia na zailazini, moyo utazidi kushuka na mnyama anaweza asiamke.

Ikiwa baada ya dakika 10 mnyama bado anavuta mguu unapombana kidole, kuna uwezekano sindano iliingia kwenye utumbo, kibofu au mafuta. Usimdunge dozi nzima tena. Subiri dakika 5 zaidi gizani, pasipo kelele, kisha ongeza theluthi ya ketamini. Mwisho wa kazi, atipamezoli mg 1 kwa kilo huiondoa zailazini, lakini usiitoe mapema mno: ketamini ikibaki peke yake mwilini panya hukakamaa na kutetemeka. Dakika 30 hadi 40 baada ya sindano ya kwanza ndipo panapofaa.

Japani iliiweka ketamini kwenye daraja la dawa za kulevya 2007, na maabara nyingi za huko zikahamia kwenye mchanganyiko wa medetomidini mg 0.3, midazolamu mg 4 na butofanoli mg 5 kwa kilo. Ni mbadala mzuri pale vibali vya ketamini vinaposumbua. Ila usichanganye data za jozi moja na za nyingine kwenye jedwali moja.

Isofureni: 2 kati ya 5 kwa ABR, 5 kati ya 5 kwa upasuaji

Gesi hii inashawishi. Unampeleka mnyama usingizini kwa asilimia 3 hadi 4, unamshikilia kwa 1.5 hadi 2, ukifunga koki anaamka kwa dakika chache. Hakuna kuhesabu sindano wala kibali cha dawa za kulevya. Kwa upasuaji wa koklea hakuna inayoizidi.

Kwa kupima usikivu ni habari nyingine. Kwenye panya wakubwa na wadogo, isofureni hupandisha vizingiti vya ABR na kufupisha mawimbi ukilinganisha na ketamini na zailazini, na huushusha mwangwi wa koklea. Athari huongezeka na kiwango cha gesi. Hapo ndipo ugumu ulipo: fundi mmoja akimshikilia mnyama kwa 1.5 na mwenzake kwa 2.2 kwa sababu panya wake alikuwa akitikisika, tayari kuna makundi mawili ambayo hukuyapanga. Ukilazimika kuitumia, rekebisha asilimia kabla ya kurekodi, usubiri kama dakika 10 hali itulie, halafu usiiguse tena hadi umalize sikio hilo.

Kuna na kelele. Oksijeni inayopita kwenye barakoa ya pua karibu na sikio hutoa mvumo wa juu unaoweza kufunika sauti hafifu za kipimo, hasa juu ya kHz 16 ambako sikio lako wewe halisikii kitu. Weka maikrofoni ya kipimo mahali pa kichwa cha mnyama, fungua gesi, usome sakafu ya kelele. Watu wengi huirekebisha spika na kusahau bomba.

Kosa tunaloliona zaidi kwenye miswada ni kipimo cha kabla kufanywa kwa ketamini na cha baada kwa isofureni, kwa kuwa siku hiyo mnyama alikuwa anakwenda moja kwa moja kwenye upasuaji. Uziwi wa desibeli 10 unaoonekana hapo huenda ukawa wa gesi.

Zilizobaki za maabara, kwa ufupi

Pentobabitali ina nafasi finyu kati ya dozi ya usingizi na ya kifo, na hudhoofisha pumzi. Ilikuwa ya kawaida zamani. Leo sababu kubwa ya kuinunua ni kumaliza maisha ya mnyama mwisho wa jaribio. Yurethani humlaza mnyama kwa saa nyingi bila kutikisika, na kwa rekodi za neuroni moja moja kwenye ubongo haina mpinzani, ila mnyama haamshwi tena, na yenyewe ipo kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Ipime kwa glavu ndani ya kabati la hewa.

Tribromoethanoli, inayouzwa zaidi kwa jina la Avertin, ni ya bei nafuu na haina vibali vingi. Ikikaa kwenye mwanga au joto huoza na kuwa sumu inayochoma utando wa tumbo. Mnyama huamka vizuri leo akafa baada ya siku kadhaa utumbo ukiwa umesimama. Kwa utafiti unaopima sikio lile lile wiki baada ya wiki, iache.

Usimlaze anayepigwa kelele

Kwenye tafiti za uziwi wa kelele, swali la dawa huanza kabla ya kipimo. Mwaka 2005 watafiti wa Korea walichapisha kwamba panya waliokuwa chini ya isofureni wakati wa kelele walipata uharibifu wa kudumu mdogo kuliko wenzao walio macho. Kupoa kwa mwili pia hulinda koklea, na karibu kila dawa ya usingizi hupoza. Juu ya hayo, mnyama aliye macho ana njia ya ulinzi inayoshuka kutoka shina la ubongo kwenda seli nywele za nje, iitwayo mfumo wa olivokoklea. Dawa nyingi za usingizi, zikiwemo babitureti na isofureni, huidhoofisha. Yaani dawa ile ile inakulindia sikio kwa njia moja na kukuvulia ngao kwa njia nyingine, na hakuna hesabu itakayokutenganishia hayo baadaye.

Ndiyo sababu panya wa Kujawa na Liberman walipigwa kelele wakiwa macho, huru ndani ya vijumba vidogo vya waya. Fanya hivyo. Na anayetaka kuupima mfumo wa olivokoklea wenyewe, akubali kufundisha wanyama kutulia wakiwa macho. Ni kazi ya wiki kadhaa, lakini njia ya mkato itampa namba ndogo ambazo hazisemi lolote kuhusu sikio.

Watoto: usingizi wa kawaida kwanza

Mtoto wa chini ya miezi mitatu au minne kwa kawaida hahitaji dawa yoyote. Mwongozo wa kimataifa wa mwezi 1, miezi 3 na miezi 6 (uchunguzi, uthibitisho, kuanza huduma) una faida hii ambayo haisemwi vya kutosha: ukiuthibitisha uziwi kabla ya miezi mitatu, unaupima mtoto akiwa amelala baada ya kunyonya. Mama aambiwe amwamshe mapema, asimwache asinzie njiani ndani ya daladala au matatu, na asimnyonyeshe hadi elektrodi ziwe zimeshabandikwa. Sugua ngozi na ubandike kwanza, anyonye, alale. Ukigeuza mpangilio huo, kusugua paji la uso kutamwamsha na ziwa litakuwa limeshakwisha.

Umri unaosumbua ni kuanzia miezi sita hadi miaka minne hivi. Fanya hesabu ya muda kabla ya kuchagua dawa: toni fupi 2,000 kwa kasi ya 39.1 kwa sekunde ni sekunde 51. Ukirudia ili kuthibitisha, dakika 1.7. Masafa manne, masikio mawili, ngazi tatu kila moja, ni nukta 24, yaani dakika 41 bila kuhesabu upitishaji wa mfupa. Dawa ya nusu saa haitoshi. Timpanometria, yaani kipimo cha sikio la kati, ifanywe kabla ya dawa (kwa toni ya 1000 Hz ikiwa hajafika miezi sita), maana kumlaza mtoto ukaja kugundua sikio la kati limejaa maji ni kupoteza dozi.

Melatonini: 3 kati ya 5

Mg 5 kwa mtoto wa chini ya mwaka, mg 10 kwa mkubwa wake, dakika 20 hadi 30 kabla. Hii haimlazi mtoto, inamsaidia kulala. Ikiwa alinyimwa usingizi usiku, inafanya kazi vizuri. Ikiwa aliamka saa mbili asubuhi akiwa ameshiba usingizi, umempa peremende. Haipunguzi pumzi, na hiyo ndiyo nguvu yake kwa kituo kisicho na daktari wa usingizi. Mtoto wa zaidi ya miaka mitatu mara nyingi huishinda. Uliza pia ni ya nani: nyingi huuzwa kama virutubisho, na kiasi kilichomo hakilingani na lebo kila mara. Nunua iliyosajiliwa kama dawa.

Klorali haidreti: 3 kati ya 5, na inashuka

Ni ya zamani kuliko zote. Liebig aliitengeneza 1832, Liebreich akaitumia kama dawa ya usingizi 1869, na kwa miongo mingi ndiyo iliyobeba vipimo vya ABR vya watoto duniani. Kwa kipimo chenyewe ni bora: haibadilishi ABR kwa kiasi cha kukusumbua, na mtoto hulala usingizi wa pono kwa saa moja au zaidi. Dozi ni mg 50 kwa kilo kwa mdomo. Mtoto wa kilo 12 anahitaji mg 600, yaani ml 6 za sharubati ya mg 100 kwa ml. Hulala baada ya dakika 30 hivi, wengine 60.

Taabu zake ni tatu. Ni chungu na inachoma tumbo, hivyo watoto huitapika, na hujui ametapika nusu au robo. Usikisie dozi ya kuziba pengo. Dozi mbili zikikutana, hakuna dawa ya kuiondoa. Pili, mwili huigeuza kuwa trikloroethanoli, ambayo nusu ya kiasi chake hudumu mwilini kwa saa nyingi, na kwa mtoto mchanga zaidi ya siku. Mtoto anayeonekana ameamka anaweza kulala tena njiani, kidevu kikamwangukia kifuani, hewa ikazibika. Vifo vya watoto waliokuwa wameketi kwenye viti vya gari vimeripotiwa. Tatu, upatikanaji. Sharubati ya kiwandani iliondoka sokoni Marekani 2012, na tangu hapo vituo vingi vinategemea inayochanganywa kwenye famasi. Nguvu ya mchanganyiko wa famasi moja inaweza isiwe ya nyingine, kwa hiyo andika mg kwenye cheti, kamwe usiandike ml peke yake wala vijiko.

Mtoto mwenye matezi makubwa ya koo, anayekoroma, au mwenye Down syndrome asipewe nje ya chumba chenye daktari wa usingizi. Hao ndio hasa huletwa kupimwa usikivu.

Deksimedetomidini ya puani: 4 na nusu kati ya 5

Iliruhusiwa Marekani mwishoni mwa 1999 kwa wagonjwa wa chumba cha uangalizi maalumu. Leo ndiyo tunayoipendekeza kwa ABR ya mtoto, pale panapopatikana bajeti yake. Hufanya kazi kwenye vipokezi vya alfa-2 vya shina la ubongo na kuleta usingizi unaofanana na wa kawaida, pumzi ikibaki karibu ilivyo. Jaribio la Marekani lililochapishwa 2016 liliilinganisha na klorali haidreti kwa ABR, na watoto wengi zaidi walimaliza kipimo kwa dozi ya kwanza kwenye upande wa deksimedetomidini.

Kichupa cha kawaida ni mikrogramu 200 ndani ya ml 2. Usiichanganye na maji. Ya puani hutumiwa nzito hivyo hivyo. Dozi ya mikrogramu 3 kwa kilo kwa mtoto wa kilo 12 ni mikrogramu 36, yaani ml 0.36, nusu kila tundu la pua. Kifaa cha kupulizia kinachofungwa kwenye bomba la sindano hubakiza karibu ml 0.1 ndani yake. Kwa kiasi kidogo namna hii, hiyo ni zaidi ya robo ya dozi! Vuta ml 0.1 ya ziada kabla ya kufunga kifaa. Asilimia kubwa ya malalamiko kwamba dawa haishiki huishia hapa, au kwenye pua iliyojaa kamasi: ifyonze kwanza kwa maji ya chumvi.

Puliza mtoto akiwa nusu amelala mapajani mwa mzazi, subiri dakika 20 hadi 30 chumba kikiwa na giza. Anaweza kuamshwa kwa kuguswa, kwa hiyo vifaa vya masikioni viwekwe pole pole, na sauti za juu zisianze ghafla. Mapigo ya moyo yatashuka. Kushuka kwa wastani huku shinikizo la damu likiwa zuri hakuhitaji matibabu, na kukimbilia atropini kunaweza kurusha shinikizo juu vibaya. Asipewe mtoto mwenye kizuizi cha umeme wa moyo wala anayetumia digoksini. Kipima oksijeni cha kidoleni kikae muda wote; waya wake uupitishe mbali na waya za elektrodi.

Midazolamu na promethazini: usitumie kwa kazi hii

Midazolamu huondoa hofu, hailazi. Mtoto atatulia, atachezea waya, na skrini yako itajaa kelele. Wachache hugeuka wakawa wakali. Promethazini bado hutolewa kwenye vituo vingi vya Afrika Mashariki kwa sababu ipo na ni rahisi, lakini mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo kali 2004 dhidi ya kupewa watoto wa chini ya miaka miwili, kwa kuwa husimamisha pumzi. Umri huo ndio wa watoto wengi wa ABR. Hatuipi alama.

Chumba cha upasuaji, na suala la ASSR

Propofoli kwa mkono wa daktari wa usingizi ni nzuri kwa ABR. Sevofureni huchelewesha mawimbi kidogo. Kizingiti kinachosomwa chini yake kichukuliwe kwa tahadhari, hasa pale uamuzi unaosubiriwa ni wa kipandikizi cha koklea. Ketamini peke yake kwa mtoto huacha misuli ikiwa imekaza na mate mengi, hivyo rekodi huwa na kelele ingawa mtoto amelala. Gesi ya nitrasi oksaidi nayo huingia kwenye sikio la kati na kubadilisha shinikizo, kwa hiyo mwangwi wa koklea chini yake usiuamini.

ASSR, yaani mwitikio wa ubongo kwa sauti inayodunda mfululizo kwa kasi maalumu, ni jambo jingine kabisa. Mwitikio wa 40 Hz, ulioelezwa na Galambos na wenzake 1981, hutegemea ubongo wa juu. Usingizi wa kawaida tu huupunguza, propofoli na gesi huukandamiza zaidi, hadi umewahi kutumiwa kupima kina cha ganzi. Ketamini hufanya kinyume, huukuza. Kwa mtoto aliyelazwa, tumia kasi ya 80 hadi 100 Hz, ambayo hutoka zaidi kwenye shina la ubongo na hustahimili dawa. Mashine nyingi zina chaguo la kasi hiyo kwenye menyu lakini hufunguka kwenye ile iliyotumika mara ya mwisho. Kituo kinachowapima watu wazima wakiwa macho asubuhi na watoto wenye dawa mchana kinaweza kumwandikia mtoto uziwi mkubwa usiokuwepo, kwa sababu ya menyu hiyo.

Kwenye ripoti au makala, andika jina la dawa, mg au mikrogramu kwa kilo, njia iliyotumika, saa ya kutoa, saa ya kipimo cha kwanza na cha mwisho, dozi za nyongeza, na joto la mwili ikiwa ni mnyama. Makala inayosema tu kwamba wanyama walilazwa, vizingiti vyake usivichukue kuwa rejea ya maabara yako.